Ncha ya Pili ya Kamba

Tulimzika kapita Kisimba siku ya Jumamosi, na kwake Kamalondo waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti. Kapita, kwetu Lubumbashi, ni yule anayewasimamia wajenzi: ndiye anayepanga nani apande juu, nani achanganye saruji, nani arudi nyumbani. Huyu alikuwa amekula chumvi nyingi, kwa hiyo kilio chake kilikuwa cha utulivu, na kufikia saa nane mchana wanaume walikuwa wakisimulia na kucheka chini ya turubai. Mmoja wao, fundi mstaafu aliyeitambua sauti yangu kabla ya uso wangu, alisema kwamba marehemu alikuwa fundi mbovu kuliko wote aliowahi kuwaona, na kwamba kuna ukuta kule Bel-Air unaoweza kutoa ushahidi mpaka leo. Wajukuu waliinua vichwa. Hawakuzoea kusikia babu yao akisemwa hivyo kwenye msiba wake mwenyewe. Sisi wazee wachache tuliangaliana tukatabasamu, kwa sababu ukuta huo tuliujua, na tulijua kwa nini mtu ambaye hakuwa ameshika mwiko wa kujengea kwa miaka mingi alikubali kuuharibu mbele ya watu wake wote. Nimekuwa muuguzi, infirmière kama tunavyosema kwetu, maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimeipitisha kwenye maeneo ya ujenzi. Vijana ninaowafundisha huniuliza ni wapi nilijifunza kuongea na wanaume wasiotaka kuongea. Huwa ninawajibu kwamba nilijifunza kwa kukosea, mwaka mmoja tu, na nikawahi kurekebisha. Wengine hawakuwahi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti changu bado kina harufu ya wino, na nilikuwa nimepata kazi ambayo hakuna mwenzangu aliyeitaka: kukaa kwenye chumba cha mabati pembeni ya shule iliyokuwa ikijengwa Bel-Air, nikisubiri watu waumie. Chumba kilikuwa na meza, kitanda cha mbao, ndoo mbili za maji na kabati lisilofungika vizuri. Kufikia saa nne asubuhi bati lilikuwa la moto, ukiegemea unaruka. Nyuma ya bati hilo, umbali wa mkono tu, Mama Feza alikuwa na jiko lake la mkaa, na saa sita wajenzi wote walikaa hapo kula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, siku nzuri na ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Hawakujua, au walisahau, kwamba nilikuwa nikiwasikia. Ninaweza kusema kwamba masomo yangu ya kweli yaliingia kupitia matundu ya misumari kwenye bati lile. Nilisikia nani amepigana na shemeji yake, nani anasifia bia ambayo hajainywa tangu Pasaka, nani anamtania Mama Feza kwamba bukari yake ni laini kama godoro la askofu. Na katikati ya utani huo nilisikia mji ukianguka. Kampuni kubwa ya shaba ilikuwa haiwezi tena kuwatunza watu wake. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa mpaka milango. Mtu mmoja alitoa habari mbaya kama hizo kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi, na wenzake waliendelea kutafuna.

Mwaka ule sisi wenyewe tunauita mwaka wa treni. Waliokuja baadaye wanahitaji kuelezwa, kwa hiyo nitaeleza polepole. Mji wetu ulijengwa na watu waliotoka pande nyingi, na kwa muda mrefu wengi wao walitoka mkoa wa Kasai, au baba zao walitoka huko, kwa ajili ya migodi na reli. Wengine hawakuwahi hata kuiona Kasai. Halafu siasa ikageuka, na majirani wakaanza kuambiwa kwamba majirani wenzao ni wageni na lazima waondoke. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Familia zilibeba magodoro na masufuria zikaenda kukaa kituo cha treni, wiki baada ya wiki, mvua ikinyesha, zikingoja mabehewa ya kuwapeleka mahali walipoambiwa ni kwao. Wengi walikufa, wakingoja au wakiwa njiani. Ninayasema haya kwa ufupi kwa sababu sikuwa kituoni. Nilikuwa kwenye chumba changu cha mabati, na kilichonifikia kilikuwa mtu mmoja tu, fundi Ngoie.

Ili umwelewe Ngoie ni lazima uelewe jinsi ukuta unavyopanda. Mafundi wawili wanasimama kwenye pembe mbili. Kati yao wanavuta kamba, nayo inawaonyesha usawa wa mstari wa matofali. Mstari ukiisha, kamba inapandishwa, lakini hakuna anayeipandisha peke yake. Mmoja anaita, "Tupandishe?" na mwingine anajibu, "Pandisha," na wote wawili wanainua kwa pamoja. Ukisimama kwenye eneo la ujenzi asubuhi unasikia sauti hizo zikijibizana siku nzima, na baada ya wiki huzisikii tena, kama usivyosikia saa ya ukutani. Mafundi wakizoeana wanabaki wawili hao hao miaka na miaka, na kuna adabu moja ambayo sikuwahi kuiona imeandikwa: ncha ya kamba ya mtu haishikwi na mwingine bila yeye kualika. Ngoie alikuwa amejenga na Tshibangu miaka kumi na moja. Waliishi ua mmoja Kamalondo, mlango unatazama mlango. Tshibangu alikuwa Mukasai, kama tunavyosema kwetu, na mwaka ule akaondoka na treni.

Baada ya hapo Ngoie alifunga ncha ya pili kwenye msumari akaendelea kujenga peke yake. Aliweka matofali upande mmoja, akashuka, akatembea mpaka upande wa pili, akapandisha kamba mwenyewe, akarudi. Hakuita wala hakujibu. Mafundi wengine walimwona na hakuna aliyekwenda kusimama kule, si kwa ukatili, walikuwa wakimheshimu. Walimwachia nafasi ya rafiki yake iwe wazi kama unavyoacha kiti cha marehemu. Nyuma ya bati nilisikia kwamba sahani yake inarudi kwa Mama Feza ikiwa imefunikwa vilevile ilivyotoka. Walipunguza utani akiwa karibu, kisha wakaacha kabisa kuongea naye, kwa huruma.

Kapita aliniletea Ngoie siku alipokosea hatua kwenye jukwaa la miti na nusura aanguke. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, kucha zake zimeliwa na saruji. Nilimpima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Nilimuuliza kama anakula, akasema anakula. Nilimuuliza kama analala, akasema kidogo. Niliona vizuri kabisa kwamba anadanganya, na nilikuwa na aibu ya kuingia zaidi ndani ya mtu mwenye umri wa baba yangu mdogo. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mikono yangu ilijua: nikampa vidonge vya vitamini na nikaandika karatasi ya kupumzika kwa kazi nyepesi, majuma matatu. Kapita alifurahi. Alimpa kazi iliyokuwa ikitamaniwa na wote, kulinda depo ya simenti, kivulini kutwa nzima, bila kupanda, bila kelele. Nilijiona muuguzi mwema. Nilikuwa nimemchukua mtu aliyekuwa anakufa kwa upweke, nikamwandikia upweke zaidi kwa sahihi yangu.

Sitaki mtu asome hapa akafikiri kwamba mapumziko ni mabaya. Kuna uchovu unaoponywa na kulala. Lakini mkono ukivunjika kila mtu anauona, na huzuni ya namna ile inakaa ndani ya mtu anayetembea, anayesalimia, anayefika kazini kwa wakati. Ukimtoa kwa watu, inabaki yeye na hiyo huzuni tu, kutwa, juu ya mifuko ya simenti.

Wiki ya pili, saa sita, nilisikia shangwe ndogo nyuma ya bati. Ngoie alikuwa ametoka depo na kumpa fundi mwenzake mwiko wake, akamwambia autumie tu, kwake hauna kazi. Ulikuwa mwiko mzuri, wa chuma cha zamani, mpini umelainika kwa kiganja chake. Aliyepewa alishukuru sana, wenzake wakampongeza, mmoja akasema depo imemfanya Ngoie kuwa bosi, hashiki tena vyombo. Baada ya dakika chache bati langu liligongwa na Mama Feza akaingia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa chakula. Alikuwa ameacha sufuria motoni.

"Bwana yangu alikuwaka fundi," alisema. "Fundi hatoake truelle yake kwa muntu, hata kwa ndugu yake. Ule muntu eko naaga."

Nilimwelewa mara moja, kwamba anayegawa mwiko wake hivyo anaaga dunia, na bado nilijifanya sijamwelewa. Nilimuuliza nifanye nini.

"Weye njo utaenda kumuuliza. Kama eko nataka kufa."

Nilimwambia kile nilichokiamini kwa dhati, kwamba jambo kama hilo halitajwi, kwamba ukimuuliza mtu hivyo unaweza kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mama Feza alifuta mikono kwenye kitenge chake akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto anayeshikilia kisu kwa upande wa makali.

"Ile wazo anaisha kuwa nayo. Haiko weye utamuletea. Enda, mama, mboga yangu inaungua."

Kutoka chumba changu mpaka depo zilikuwa hatua kama sitini. Nimekwenda kwenye vyumba vigumu vingi tangu siku ile, na kila mara ninazikumbuka. Alikuwa amekaa juu ya mfuko, mlango umerudishwa nusu, vumbi la simenti kwenye nyusi zake. Nilikaa kwenye mfuko wa pili. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema nimesikia ametoa mwiko wake, nikasema ninaogopa, kisha nikauliza.

"Papa Ngoie, uko nawaza kujiua?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza. Aliangalia mikono yake, na mabega yake yakashuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mzigo ili abadilishe bega.

"Hakuna muntu aliniulizaka," alisema. "Ndiyo. Kila siku. Kesho nilikuwa nataka ikuwe ya mwisho."

Halafu akanieleza, na mimi nilikaa kimya, jambo la pili nililojifunza saa hiyo. Asubuhi vijana walipofika kwenye ua wao, Tshibangu alivuka na kuja kugonga kwake. Ndani Ngoie alikuwa na mke na watoto wanne. Alisimama nyuma ya mlango bila kufungua.

"Alipigaka hodi mara tatu. Akaniita jina. Nilikuwa nasikia pumuzi yake, mama, ilikuwa karibu vile. Sikufungua."

Baadaye alikwenda kituoni na mkate chini ya koti. Alimwona rafiki yake kwa mbali, amekaa juu ya godoro na mkewe, na miguu ikakataa. Akarudi na mkate wake. Siku chache baadaye treni iliondoka. Sasa hajui kama Tshibangu yuko hai, na kila akifunga kamba kwenye msumari anasikia hodi.

Nilitamani sana kumwambia kwamba hana kosa, kwamba alikuwa anawalinda watoto. Pengine ni kweli. Lakini niliona kwamba angeacha kuniamini hapo hapo, kwa sababu nilikuwa nataka kumfuta machozi ili mimi nipumue. Nilimwambia kwamba msamaha wa Tshibangu siwezi kuutoa mimi. Nilimwambia kwamba mtu anaweza kuwa amekosa na bado tukamtaka awe hai, na kwamba mimi ninamtaka awe hai kesho. Nikamwomba anisaidie kuifikia hiyo kesho. Nilimuuliza ni nani ninayeweza kumwambia. Alifikiri, akasema mke wake, na kapita, wengine wasijue zaidi ya kwamba anaumwa.

Mkewe alikuja siku hiyo hiyo, wakaenda wote wawili na mimi kwa daktari, ambaye alimpa dawa ya kumrudishia usingizi na akataka kumwona kila juma. Mwiko ulirudi kwa mwenyewe bila maneno. Kapita ndiye aliyekuwa mgumu. Alikasirika kwanza, kwa kuwa alikuwa amempa Ngoie nafasi bora aliyokuwa nayo, na akauliza kama sasa wanaume wazima wanalelewa. Nilimwambia kwamba aliyempeleka depo ni karatasi yangu, si yeye, na kwamba wote wawili tulikosea njia moja. Nikamwambia Ngoie anahitaji kurudi ukutani, chini, kwenye ukuta mfupi wa uzio, na mtu kwenye ncha ya pili anayemwita na kumjibu. Kapita aliwaita mafundi, mmoja baada ya mwingine. Wote walikataa kwa upole. Mmoja wao alisema kile walichokuwa wakifikiri wote: "Nikikamata pale, ni sawa na kusema Tshibangu harudi tena."

Asubuhi iliyofuata kapita alifika, akavua koti lake, lile koti la kahawia ambalo lilikuwa cheo chake, akalitundika kwenye jukwaa na kwenda kusimama kwenye pembe tupu. Watu waliacha kuchanganya saruji. Ngoie alikuwa upande wake, mwiko mkononi, hajui aangalie wapi.

"Nafasi ya Tshibangu siikamate," kapita alimwambia kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Niko nakamata kamba tu. Akirudi, nitamuachia."

Kisha akaweka tofali la kwanza, vibaya. Na la pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, roho mkononi, nikiona midomo ya Ngoie ikifunguka na kufungika.

"Kapita," alisema hatimaye, "yako iko chini."

Kapita akaongeza saruji, akainua.

"Sasa iko juu."

"Basi unifundishe," kapita alijibu. "Shi weye njo fundi?"

Mtu mmoja kwenye rundo la mchanga alianza kucheka, halafu wote, na Ngoie akatembea mpaka kwenye pembe ile akamwonyesha bosi wake jinsi ya kushika mwiko. Ilimchukua kapita nusu ya asubuhi kumaliza mstari ambao Tshibangu angeumaliza kwa robo saa. Lakini ulipoisha, tulisikia ule mwito, wa sauti iliyokauka kwa kutotumika, na mwitikio wa sauti nene ya kapita. Mama Feza, aliyekuwa akipepea mkaa, alipepea kwa nguvu zaidi.

Sitadanganya kwamba ukuta ulimponya. Kulikuwa na siku ambazo hakuja, na fundi mmoja alitumwa kwake kukaa naye tu. Kulikuwa na Jumatatu moja alipoingia kwangu akasema hodi imerudi, na tukakaa mpaka ikapungua. Tuliandika barua kwa Tshibangu, mkono wangu na maneno yake, tukampa mfanyabiashara aliyekuwa akipanda na lori kuelekea Kasai. Barua haikujibiwa mwaka ule. Ngoie alijifunza kuishi na hilo, siku kwa siku, na dawa, na mkewe, na makosa ya kapita ambayo alilazimika kuyasahihisha kwa mdomo kutoka saa moja asubuhi. Hata mafundi wengine walianza kupitia mlangoni kwangu, wakisema wanaumwa mgongo.

Mvua zilianza tena, na kazi ikawa inakatikakatika. Jioni moja, watu wakifunga vyombo, Ngoie alisimama mlangoni akiwa amemshika kiwiko seremala wetu, mtu mzima aliyekuwa amepoteza nyumba yake na ambaye siku hizo alikuwa anatania kupita kiasi. Sasa hakuwa akitania.

"Mama infirmière, minaisha kumuuliza," Ngoie aliniambia. "Anasema ndiyo."

Seremala aliingia. Tuliongea muda mrefu, au tuseme yeye aliongea, mvua ikipiga bati mpaka mara nyingine ilibidi nimsogelee ili nimsikie. Nilipofungua mlango kuchungulia mwanga uliobaki, Ngoie alikuwa bado kwenye benchi la nje, mfuko mtupu wa simenti kichwani, maji yakimtiririka magotini. Nilimwambia aende nyumbani, mkewe atakuwa na wasiwasi, mimi nitahakikisha seremala anafika kwake salama.

"Nitamungojea," alisema. "Tuko naenda njia moja."

Seremala alikuwa anakaa mbali sana, kule Annexe, na Kamalondo, kwa Ngoie, iko upande mwingine kabisa wa mji. Nilirudisha mlango na kuendelea kusikiliza.